Nilimpa Mgeni Jembe Mlangoni

Samaki wangu wa pili wa aina ya malaika alinifia siku ya 19 ya karantini, na maji yake hayakuwa na kasoro. Asubuhi ile nilikuwa nimepima: amonia sifuri, chumvi 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji, joto nyuzi 26, dawa ya shaba miligramu 0.18 kwa lita, palepale panapotakiwa. Mwilini hakuwa na doa hata moja. Alikuwa amelala ubavu nyuma ya kipande cha bomba, tumbo limebonyea, kisogo kimeingia ndani kama cha mtu aliyeugua miezi. Dawa ilifanya kazi yake sawasawa. Samaki alikufa njaa.

Baada yake nimefuga wa tatu, naye yu hai ninapoandika haya, mwaka wa tatu sasa. Watu wanaonitafuta kuniuliza habari zake huanza na dawa: shaba kiasi gani, siku ngapi, ya chapa ipi. Mimi siku hizi naanza na swali ambalo bibi yangu angeliuliza hata salamu hazijaisha: amekula nini?

Samaki mwenyewe ni wa kwetu. Wataalamu humwita Centropyge acanthops, na huku Leicester ninakoishi madukani humuuza kwa jina la malaika kibete wa Afrika. Ni wa magharibi ya Bahari ya Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, na akikua sana hazidi sentimita 8. Mwili ni buluu iliyokolea, na kuanzia mdomoni, uso wote, mpaka mgongoni amepakwa rangi ya embe lililoiva. Mkia ni wa manjano hafifu, unakaribia kuonyesha ng'ambo. Kwenye shavu ana mwiba, na mwiba huo ndio unaomtenga na wale samaki vipepeo anaofanana nao umbo. Nitaurudia, maana una kisa chake.

Mimi nimezaliwa Shimoni, kusini ya Kwale, ukisimama gatini unakiona kisiwa cha Wasini. Nimekula na kuchezea samaki wa kila namna, lakini huyu sikumjua mpaka nilipomwona nyuma ya kioo katika mji usio na bahari. Mjomba wangu anamjua. Alipiga mbizi miaka mingi akiwavulia wafanyabiashara samaki wa mapambo, kwa nyavu ndogo na uvumilivu, nje ya mipaka ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Nilimtumia picha nikamuuliza kwetu anaitwaje. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake kuku wanalia: "Huyo hana jina, mjomba. Jina hupewa kinachoingia chunguni."

Wa kwanza hadithi yake ni fupi na ya aibu. Nilimtoa dukani Jumamosi nikamtia moja kwa moja katika tangi kubwa la lita 400, walimokuwa jozi ya samaki wa anemoni na samaki mmoja wa manjano aitwaye kangaja. Siku ya tano nikaona punje nyeupe kwenye mapezi yake, kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani. Siku ya kumi punje zikatoweka nikafurahi, nikawaambia watoto amepona. Zikarudi kwa wote, mara kumi zaidi, na ndani ya wiki moja nikawa nimemzika malaika na samaki wote wawili wa anemoni chini ya waridi la jirani. Kangaja peke yake ndiye aliyenusurika.

Punje zile ni kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans, na kule kutoweka kwake ndiko kunakowadanganya wageni wa kazi hii. Hukaa kwenye ngozi na matamvua ya samaki siku 3 hadi 7 akila, kisha hudondoka, hujifungia katika gamba juu ya mchanga au jiwe, na humo ndani hugawanyika. Siku chache baadaye, au wiki kadhaa, gamba hupasuka na kutoa wadogo wengi wanaoogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili, wanakufa. Ndiyo maana wafugaji hushauri tangi lililoambukizwa likae bila samaki siku 76. Kangaja nikamhamishia tangi la pembeni, nikamtibu huko. Siku 76 nikazikata moja moja kwenye kalenda ya msikiti iliyobandikwa jikoni. Taa zinawaka, pampu zinavuma, mawe na matumbawe yapo, na hakuna anayepita. Nyumba ya waliohama.

Basi alipokuja wa pili nilikuwa na hofu ya aliyeumwa na nyoka. Nilikuwa nimeweka tangi la karantini la lita 60 sebuleni, kando ya televisheni, kioo pande zote nne, taa kali juu yake ili nimwone vizuri. Ndani mlikuwa na hita, pampu ya hewa na bomba moja la plastiki. Nilimnunua siku ileile sanduku lilipofunguliwa dukani, kwa pupa, nisije nikazidiwa kete na mteja mwingine. Jioni ile ile nikamtia dawa ya shaba, inayoua kimelea kile, mpaka kiwango kamili. Sikuwa nimeona ugonjwa wowote. Nilitaka tu asipate nafasi ya kuniletea mwingine.

Hakula. Nilimrushia vipande vikavu vya dukani, vikaelea, vikazama, vikaoza. Nilimpa uduvi mdogo uliogandishwa, akaufuata kwa jicho, akageuza shingo kama mtu aliyesusa. Chakula kilichobaki kikapandisha amonia, nikawa nabadilisha maji kila siku, na kila nikibadilisha yeye hujificha saa nne tano. Siku moja nilinyanyua chupa ya ile dawa ya kuua amonia nimimine ndani. Bahati nzuri nilikuwa nimempigia mfugaji mmoja mkongwe wa hapa, akaniambia niiweke chini: nyingi ya dawa hizo zikikutana na shaba huigeuza ikawa sumu kali zaidi kwa samaki. Hilo nalitaja kwa herufi nzito kichwani mwangu mpaka leo.

Ilikuwa Ramadhani. Magharibi nafungua kwa tende, naenda kumtazama, yeye hafungui. Mke wangu akanitania kwamba nimempata samaki mcha Mungu kuliko mimi. Siku ya 15 hatukutaniana tena.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa jembe mlangoni, kabla hajavua viatu.

Kilichonifungua macho ni simu kwa mjomba, Idi ile. Baada ya shikamoo na marahaba na mikono ya Idi, nikamwambia samaki wake amekufa tena. Hakuuliza maji wala dawa. Aliuliza nilikuwa namlisha nini, nikamwambia, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo hali chakula," akasema. "Huyo huchuna jiwe."

Akanieleza, na nilitafuta karatasi niandike. Kule chini hawakai kwenye matumbawe makubwa mazuri ambayo watalii hupigia picha. Hukaa kwenye vifusi, vipande vya matumbawe yaliyovunjika, mteremkoni, penye vishimo vya kuingilia na kutokea. Ukimtazama hatulii: anachuna jiwe mara mbili, anaingia kishimoni, anatokea upande wa pili, anachuna tena. Hivyo kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama. Hukaa kikundi, dume mmoja na majike wake, na kumkamata ni kuziba tundu moja na kumngoja kwenye jingine. Wakati wa kusi bahari inachafuka, maji yanakuwa na vumbi, wapiga mbizi hawaendi au wakienda wanarudi na wachache. Kaskazi ikiingia maji yanakuwa kama kioo, na ndipo samaki wanapotoka wengi na wenye afya, kwa sababu hawakufukuzwa sana.

Kisha akasema jambo ambalo nilipaswa kulijua. Kabla ya safari samaki hawalishwi, siku moja au mbili, ili wasichafue maji ya mfuko. "Tulikuwa tunawafungisha," akasema, kwa neno lilelile la saumu.

Nilipiga hesabu nikiwa bado na simu sikioni. Siku mbili za kufungishwa. Zaidi ya siku nzima ndani ya mfuko, kutoka pwani hadi uwanja wa ndege, hadi Ulaya. Siku kadhaa kwa muuzaji wa jumla, ambako huenda aliona chakula na huenda hakukiona. Halafu mimi, taa kali, televisheni, na shaba, ambayo inajulikana kuwa hupunguza hamu ya kula hata kwa samaki mwenye nguvu. Chewa angestahimili: anameza mara moja, analala siku tatu. Malaika huyu tumbo lake ni la kula kidogo kidogo kutwa nzima, majani ya mawe, uchafu laini ulionasa humo, na vidudu vilivyojificha ndani yake. Hana akiba. Anachokikosa leo kesho unakiona kisogoni.

Wa tatu nilimsubiri kaskazi. Nilikuta wanne dukani, nikachagua, nikalipa arubuni, nikamwomba muuzaji akae naye wiki mbili. Alinuna, maana tangi lake ni duka na siyo hoteli, lakini alikubali. Nilirudi mara tatu na kila mara niliomba amlishe mbele yangu. Sikuangalia rangi. Niliangalia tumbo kwa mbele, lisiwe na bonde. Nyama ya juu ya macho, isiwe imezama. Matamvua, yasiende mbio kuliko ya wenzake. Niliangalia anafanya nini akiona mtu: aliyejificha kisha akachungulia ni mzima, aliyeganda kwenye kona ya juu huyo muache. Mara ya tatu alidonoa kitu kwenye kioo cha nyuma, pasipokuwa na kitu chochote ila utelezi wa kijani. Nikamchukua.

Sasa ule mwiba. Malaika hatolewi majini kwa wavu. Mwiba wa shavuni hunasa kwenye nyuzi, samaki hujipinda, nawe unavuta, na kinachokatika ni shavu au jicho. Nilimwambia muuzaji amkinge kwa jagi la plastiki, akaniambia ameuza samaki miaka 20, nikamwambia najua, jagi hili hapa. Kwangu hakuna wavu tena.

Jambo jingine la mlangoni ni mfuko wenyewe. Samaki aliyesafiri muda mrefu amepumua, na hewa chafu aliyoitoa imeyafanya maji kuwa na asidi kidogo. Katika hali hiyo amonia iliyojaa humo haimdhuru sana. Ukiufungua mfuko hewa ile hutoka, asidi hupungua, na amonia ileile hugeuka sumu mbele ya macho yako. Wale wanaomdondoshea maji tone tone saa mbili, wakidhani wanamzoesha taratibu, wanamtia sumu taratibu. Kinachofaa ni kuyaandaa maji ya karantini yawe na chumvi sawa na ya mfuko, kuuelea mfuko dakika 15 joto lilingane, kumtoa haraka na kuyamwaga maji ya mfuko. Duka lile huweka chumvi chini, 1.020, kama maduka mengi. Nami nikaweka 1.020, kisha nikaipandisha polepole muda wa wiki nzima.

Tangi lilikuwa ni lilelile la lita 60, lakini halikuwa sebuleni. Nililihamishia chumba cha nguo, nikabandika karatasi nyeusi pande tatu, taa nikaifunika kitambaa. Chujio la sponji nilikuwa nimelilaza wiki sita kwenye maji ya tangi kubwa, lijae bakteria wa kula amonia. Ndani nikatia zile kona za bomba ambazo mafundi huziita elbo, saba, za ukubwa tofauti, nikazirundika zipate matundu ya kuingilia na kutokea. Mke wangu alipoziona akauliza kama namjengea samaki choo. Nilikuwa namjengea kifusi.

Na jiwe. Hili ndilo lililobadilisha kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwezi mmoja kabla yake nilichukua mawe manne kutoka tangi kubwa, ambalo kangaja alikuwa bado hajarudishwa, kwa hiyo halikuwa na kimelea. Nikayatia ndoo ya maji ya bahari dirishani jikoni, na taa ya mezani juu yake, na pampu ndogo ya hewa. Wiki ya kwanza yakawa na ukungu wa kahawia. Wiki ya tatu yakaota majani mafupi ya kijani, kama nywele za mtoto mchanga. Ukiliinua moja ukalitikisa kwenye glasi, vidudu vinacheza. Watu hulipa fedha nzuri kuondoa majani hayo kwenye matangi yao, nami nayalea dirishani kama mchicha.

Siku ya kwanza nilimwachia jiwe moja nikafunga mlango. Siku ya pili sikumwona kabisa. Siku ya tatu sikumwona pia, lakini nilipomulika jiwe kwa tochi ya simu nikaona mistari miwili myeupe katikati ya kijani, mifupi, kama mtu amekwaruza kwa kucha. Nilimwita binti yangu aje aone. Akatazama mistari, akanitazama mimi, akaniuliza kama niko sawa.

Kuanzia hapo nilimwekea jiwe jipya kila siku na lililochunwa kurudi ndoo ya pili, ya peke yake, likaote tena. Siku ya tano nikaongeza chaza, wale weusi wa bei nafuu wanaouzwa hapa kwa mfuko. Unawagandisha kwanza siku kadhaa, kuua walichobeba, kisha unamyeyusha mmoja, unampasua, unamlaza kwenye gamba lake juu ya jiwe. Hii ni hila ya zamani ya wafugaji na ina akili: chakula kimeshikamana na kitu kigumu, hakielei, hakimfuati, kinangoja kuchunwa. Ndani ya saa moja alikuwa anang'oa nyuzi za nyama. Siku ya nane uduvi uliogandishwa nikaulowesha kwenye maji ya chaza huyo nikaudondosha palepale kwenye gamba. Aliula kwa kukosea, nadhani. Siku ya tisa aliula kwa makusudi.

Siku ya 12 alikubali nori, ule mwani mkavu wa Kijapani usiotiwa viungo, nikiufunga kwa mpira juu ya elbo. Ule mwani wa kwetu haukufaa. Shangazi yangu wa Unguja alinitumia mfuko wa mwani mkavu kutoka Paje, nami nikaona fahari samaki wa pwani ale mwani wa pwani, lakini ni mgumu kwa kinywa kile, aliugusa mara moja basi. Mke wangu akautengenezea sabuni. Kitunguu saumu nacho wanachosifia nilijaribu, nikaloweshea chakula wiki nzima. Sikuona tofauti ila chumba cha nguo kilinuka pilau pasipo pilau.

Mimi hufanya kazi zamu za usiku. Ratiba ikawa: narudi alfajiri nampa uduvi kidogo, mke wangu saa tatu, nikiamka saa nane mchana mimi tena, binti akitoka shule, kisha kabla sijaondoka. Mara tano, kidogo sana kila mara, na kinachobaki kinanyonywa kwa mpira mwembamba. "Samaki mara tano, na wewe mara mbili," mke wangu alisema, na sikuwa na la kumjibu.

Wiki mbili bila dawa yoyote. Wapo watakaosema ni kucheza na moto, na kama angefika na ule ugonjwa mwingine wa vumbi laini la dhahabu, Amyloodinium, unaoua kwa siku chache kwa kuziba matamvua, ningelazimika kutia dawa usiku uleule awe amekula au hajala. Kumtazama ni kazi, usidhani ni kukaa bure. Kila siku nilihesabu pumzi zake dakika moja. Na nilikuwa tayari na shaba kabatini.

Alichokuwa nacho ni minyoo bapa ya ngozi. Siku ya 15 nilimwona akijisugua ubavu kwenye bomba, na jicho moja lina ukungu. Nilimwogesha maji matamu dakika 5, yaliyopashwa joto nyuzi 26 na kupulizwa hewa, asidi ikasawazishwa na ya tangini. Wanaofanya mara ya kwanza hutishika, maana samaki anaweza kulala ubavu. Huyu alisimama wima akinikasirikia. Chini ya bakuli jeupe nikaona vijimagamba vya maziwa vinaanguka, kimoja kimoja. Hao ni wao: mwilini hawaonekani, wakiguswa na maji matamu hugeuka weupe. Kisha nikatia prazikwanteli kwenye tangi, miligramu 2.5 kwa lita, na kurudia baada ya wiki kwa ajili ya mayai. Jina hilo lilinirudisha shule ya msingi: ni dawa ileile tuliyopangwa mstari tukamezeshwa kwa ajili ya kichocho. Ile ya samaki huuzwa kwa samaki, msiende zahanati kuomba.

Shaba ilikuja wiki ya tano, samaki akiwa na tumbo la mviringo. Safari hii nilipandisha kwa hatua za kama 0.03, siku baada ya siku. Dawa za shaba si za aina moja, na kipimo cha moja kinaweza kuwa kifo kwa nyingine, kwa hiyo nambari hizi ni za dawa yangu. Soma kibandiko cha yako na ununue kipimo kinachoendana nayo. Malaika vibete wana sifa ya kuionea shaba tabu. Ilipofika 0.10 aliacha nori, akabaki na uduvi tu. Nikasimama hapo siku tatu, sikuongeza. Siku ya nne akarudi kwenye nori, nami nikaendelea mpaka 0.16 nikaishikilia siku 14, kisha nikamhamisha kwenye tangi safi lisilo na dawa, chumba kingine. Mawe yalikuwa yameshatoka, kwa sababu jiwe la chokaa hunywa shaba na kipimo hakikai. Badala yake nilikuwa nimeotesha majani kwenye vipande vya plastiki vya fundi bomba, vinaingia asubuhi, vinatoka jioni. Ni jambo dogo ninaloringia kuliko mengine yote.

Kumwingiza tangi kubwa kulikuwa na vita yake. Kangaja, aliyekuwa amesharudi kwake, ana kisu mkiani na alijiona mwenye nyumba. Malaika alikaa siku sita kwenye kisanduku chenye matundu, ndani ya tangi lilelile, wanatazamana. Siku ya saba nikafungua. Alifukuzwa mara mbili, akatoweka kwenye tundu, akatokea upande wa pili, akachuna jiwe. Sasa kutwa nzima ndiyo kazi yake. Amekwishang'ata matumbawe yangu mawili ya nyama, moja nimelitoa, jingine nimemwachia.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba kwa video nikamgeuzia kamera. Akatazama kwa muda mrefu, miwani kwenye paji la uso. "Amenona," akasema, "kuliko wa kule." Kisha akauliza bei niliyomnunulia, nami nikajifanya sikusikia, akacheka kwa namna iliyonionyesha kwamba ameshajua. Lakini kilichomsumbua ni kingine. Yuko peke yake? Kule hawakai hivyo.

Ni kweli. Hawa wote huzaliwa majike, na mkubwa wa kikundi ndiye anayegeuka dume, kwa hiyo wangu huyu, mkubwa na mwenye miaka yake, akipata mdogo kuliko yeye yuko tayari kuwa bwana. Nilikaa na wazo hilo wiki mbili. Nikanunua elbo nyingine.

Huyo mdogo ana sentimita nne na nusu. Yuko chumba cha nguo, karatasi nyeusi pande tatu, taa imefunikwa. Leo ni siku ya nne. Alfajiri niliporudi kazini nilimulika jiwe pande zote, nikalizungusha kwa kijiti nikamulika tena, na bado ni kijani lote. Jingine linaota dirishani. Shaba iko kabatini.